Ngano si sumu, lakini kuna matumbo yanayoikataa

Kila tukigusa habari za lishe kwenye kipindi cha afya, simu zinazoingia studio huwa za aina mbili. Wa kwanza anauliza kama ni kweli ngano ni sumu, maana ameona video kwenye simu inayosema chapati ndiyo inayoleta kitambi, kisukari na saratani. Wa pili hana habari na video. Anasema mtoto wake anaharisha tangu alipoanzishiwa uji, ametibiwa minyoo, ametibiwa amiba, ametibiwa taifodi, na bado tumbo limevimba na mikono imekonda. Wa kwanza hupata majibu mengi, tena ya haraka. Wa pili huambiwa arudi zahanati.

Makala hii ni ya wote wawili, kwa sababu kuna ugonjwa mmoja ambao habari zake zimemfikia wa kwanza zikiwa zimepotoshwa, na wa pili hazijamfikia kabisa. Unaitwa siliaki. Ukilitaja jina hilo sokoni watu watakuuliza ni kijiji cha wapi. Hata hospitalini wapo wahudumu waliolisikia mara moja tu, darasani, siku ya mtihani.

Tuanze na unga wenyewe. Mama akikanda unga wa chapati, donge linavutika kama mpira. Akijaribu hivyo kwa unga wa mahindi au wa mtama, donge linakatika. Kinacholeta mvutiko ule ni protini iitwayo gluteni. Imo kwenye ngano, imo kwenye shayiri, imo pia kwenye nafaka moja ya nchi za baridi inayoitwa rai, ambayo huku kwetu hatuli. Mahindi, mtama, uwele, ulezi na mchele havina gluteni hiyo. Muhogo, viazi na ndizi, hali kadhalika.

Sasa twende tumboni. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na vijidole vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vilivyosimama kama nyuzi za taulo. Kazi yake ni kukinyonya chakula na kukiingiza kwenye damu. Kwa mtu mwenye siliaki, gluteni ikifika pale, kinga ya mwili inaichukulia kama adui, na katika vita hiyo inaushambulia utumbo wenyewe. Vijidole vinalala, vinafupika, vinakwisha. Chakula kinapita bila kuchukuliwa. Mtu anakula na kushiba, lakini mwili unabaki na njaa: madini chuma hayaingii, chokaa ya mifupa haiingii, vitamini haziingii.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mtu huzaliwa na mwelekeo wa kuupata, kisha unaweza kuanza utotoni, ujanani au hata uzeeni. Si mzio pia, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mwenye mzio wa ngano huvimba midomo, huwashwa au hubanwa kifua ndani ya dakika au saa chache baada ya kula. Siliaki inafanya kazi polepole, miezi na miaka, na mara nyingi mgonjwa haoni uhusiano wowote kati ya mandazi ya asubuhi na uchovu wake. Haina kidonge wala sindano ya kuiponya. Dawa yake ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote, na ukiacha kweli utumbo unajijenga upya.

Kome, ndizi na mkate

Watu wakisikia kwamba madaktari wetu wanaukosa ugonjwa huu hudhani ni uzembe wa zahanati za vijijini. Lakini madaktari wakubwa wa dunia waliukosea kwa zaidi ya miaka 60, huku mgonjwa akiwa mbele yao na mkate ukiwa mezani.

Mwaka 1888 daktari wa London aitwaye Samuel Gee aliuandika ugonjwa huu vizuri: watoto wanaokonda, tumbo limejaa, choo kingi, cheupe na chenye harufu kali. Aliandika pia kwamba kama kuna tiba, basi itapatikana kwenye chakula. Alikuwa sahihi kabisa. Alisimulia habari za mtoto aliyelishwa kome wa baharini kila siku akanawiri ajabu, kisha msimu wa kome ulipokwisha akaugua tena. Lakini Gee huyohuyo aliwaruhusu wagonjwa wake kula mkate, ilimradi ukatwe vipande vyembamba na uchomwe pande zote mbili! Alikuwa ameukaribia ukweli, akaupita.

Mwaka 1924 akaja Sidney Haas, daktari wa watoto wa New York, na tiba ya ndizi. Wasikilizaji wetu wenye asili ya Kagera najua wataipenda habari hii. Haas aliwalisha watoto wagonjwa ndizi kwa wingi, na akawakataza mkate, biskuti, viazi na nafaka zote. Watoto walipona mbele ya macho ya watu. Sifa zilienea, na kwa miaka mingi ndizi ikahesabiwa kuwa dawa ya siliaki.

Lakini ndizi haikutibu chochote. Kilichowaponya watoto wale ni kile walichonyimwa. Mkate uliondoka mezani siku ileile ndizi zilipoingia, na watu wakaitazama ndizi. Kosa hilo lilikuwa na gharama, maana mtoto aliyehesabiwa kuwa amepona aliruhusiwa baada ya muda kurudi kwenye mkate, na utumbo ukaanza kuharibika tena kimyakimya.

Aliyefumbua fumbo ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa mji wa The Hague, Uholanzi. Tangu miaka ya 1930 alikuwa ameanza kuushuku mkate. Ikaja baridi ya 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, Uholanzi ikakumbwa na njaa kali kiasi cha watu kula vitunguu vya maua. Mkate ulitoweka. Katika njaa ile, watoto wenye siliaki walipata nafuu. Mkate ulipoanza kupatikana tena, wakaugua. Dicke alifanya majaribio ya makini kwa miaka iliyofuata, akaondoa ngano na kuirudisha huku akiangalia hali ya watoto, na mwaka 1950 akatoa matokeo yake kwenye chuo kikuu cha Utrecht. Muda mfupi baadaye madaktari wa Birmingham, Uingereza, wakaonyesha kwamba tatizo ni ile gluteni iliyomo kwenye ngano.

Bado likabaki kosa jingine, na hilo ndilo lililotufikia sisi. Vitabu viliendelea kuuita ugonjwa wa watoto, tena wa watoto wa Ulaya. Kwa miongo mingi daktari aliyesoma Afrika alifundishwa kwamba siliaki ni ya kwao. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa watoto 990 wa Sahara Magharibi, wakimbizi waishio kambini nchini Algeria, watu ambao mkate na unga wa ngano vimekuwa chakula chao cha kila siku. Zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa na siliaki. Kwa wastani duniani ni karibu mtu 1 katika kila 100. Kiwango kikubwa kuliko vyote kilikuwa Afrika. Karibu na sisi zaidi, madaktari wa Khartoum nao wameandika kuhusu watoto wa Sudan wenye siliaki, na Sudan ni nchi ya mtama iliyojaa mkate mijini.

Ngano ilivyofika Unyanyembe

Hapa Tabora ngano si ngeni, ila kwa muda mrefu haikuwa ya kila mtu. Richard Burton alipofika Kazeh mwaka 1857, na Stanley alipofika mwaka 1871, wote waliwakuta Waarabu wa hapa wakilima ngano kwa ajili ya meza zao. Tembe la Kwihara ambako Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi bado lipo. Ngano ilikuwa chakula cha mwenye msafara. Mpagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani alilipwa posho ya mtama au mahindi, na nyumbani kwake aliacha uwele, muhogo na viazi. Mnyamwezi aliyekula michembe na matobolwa mwaka mzima hakuwa na nafasi ya kuugua siliaki hata kama alizaliwa na mwelekeo wake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na vitu vya pwani vikawa karibu zaidi. Leo unga wa ngano upo kwenye duka la kila kijiji, ingawa sehemu kubwa ya ngano ya Tanzania inatoka nje ya nchi. Chai bila chapati au mandazi tunaiona chai ya shida. Mtoto anapelekwa shule na shilingi za andazi. Harusi bila sambusa haisimuliwi.

Na tukumbuke sisi ni mji wa njia kuu. Wamekaa hapa watu wa Oman, Wahindi, Wamanyema, Warundi na watu wa pwani, wakaoana na wenyeji, na watoto wao ni sisi. Kwa Waarabu na kwa watu wa India ya kaskazini siliaki ni ugonjwa unaojulikana vizuri. Inawezekana kabisa kwamba miongoni mwetu ni nadra. Lakini nadra si sawa na haipo, hasa mahali ambapo kipimo chake hakipo zahanati wala kituo cha afya.

Kwa nini unapita mbele ya daktari bila kuonekana

Tumpe tabibu wa zahanati haki yake. Mtoto anayeharisha na kukonda Sikonge au Uyui ana sababu kumi za kuwa hivyo kabla ya kufika kwenye siliaki: maji machafu, minyoo, malaria ya mara kwa mara, TB, virusi vya UKIMWI, au lishe duni tu. Kuanza na hayo ni sahihi. Mgonjwa asiruke hatua hizo, na kipimo cha TB na cha virusi vya UKIMWI ni vya bure.

Tatizo linaanza pale ambapo vipimo vyote vimetoka safi, dawa zote zimeisha, na bado jina la ugonjwa linaendelea kuwa lilelile. Kuna mtu ametibiwa taifodi mara tano kwa mwaka kwa kipimo cha haraka cha damu ambacho kinajulikana kukosea mara nyingi. Mwingine anaitwa mgonjwa wa vidonda vya tumbo kwa miaka bila mtu kuingiza kamera kutazama kama vidonda vipo. Na wapo wanaoishia kwa mganga, wakaambiwa wamelishwa kitu. Katika hali fulani mganga huyo angekuwa karibu na ukweli kuliko anavyojua.

Halafu siliaki yenyewe haifuati kitabu. Picha iliyomo vichwani mwa wahudumu wengi ni ya mtoto mwembamba mwenye tumbo kubwa na kuharisha. Wagonjwa wengi, hasa watu wazima, hawaharishi kabisa. Huyu ana upungufu wa damu usiosikia vidonge vya kuongeza damu. Yule mifupa inauma na kuvunjika kirahisi. Mwingine ana vidonda vya mdomoni visivyokoma, mwingine mimba zinaharibika bila sababu kujulikana, mwingine ni binti aliyechelewa kuvunja ungo na mfupi kuliko wadogo zake. Wapo hata wanene. Kwa mwanamke wa kijijini, upungufu wa damu una maelezo mengi kiasi kwamba hakuna anayeuliza swali la pili. Ni hedhi, ni safura, ni malaria, chukua vidonge, rudi baada ya mwezi. Vidonge hivyo vinapita kwenye utumbo uleule uliopoteza vijidole vyake.

Hata hospitali kubwa nako kuna mtego. Watoto wanaokulia kwenye uchafu wa maji na mazingira, wakiugua tumbo kila mara, nao vijidole vya utumbo vinaweza kufupika bila siliaki. Ndiyo maana daktari mzuri hategemei kipande cha utumbo peke yake. Anakilinganisha na damu, na chakula, na hali ya mgonjwa baada ya kuacha ngano.

Sasa kuna jambo linalonisumbua kuliko yote, nalo ni uji wa lishe. Mtoto akipungua uzito, shauri la kwanza la jirani, na wakati mwingine la kliniki, ni uji wa lishe. Uji wenyewe mara nyingi ni mchanganyiko wa mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga na ngano, kwa imani kwamba kadiri vitu vinavyozidi kuwa vingi ndivyo unavyozidi kuwa na nguvu. Wataalamu wa lishe wenyewe wanakataza kurundika nafaka namna hiyo. Kwa mtoto mwenye siliaki, mama anamnywesha ugonjwa kwa kijiko, kwa upendo, mara tatu kwa siku. Akizidi kukonda anaongezewa kikombe. Vivyo hivyo kwa vyakula vya watoto vya kopo vinavyouzwa madukani, vingi vina ngano. Soma maandishi ya pembeni kabla hujanunua.

Na sisi wa vyombo vya habari

Nikiwa mtangazaji najua kinachojaza simu studio. Neno sumu linajaza. Upungufu wa damu usiosikia dawa haujazi.

Habari ya gluteni ilipotoka hospitalini kwenda kwenye magazeti na mitandao ya Ulaya na Marekani, ilibadilika njiani. Wasanii na wanamichezo walisema wameacha ngano wakapungua mwili, viwanda vikaona soko, na ugonjwa wa mtu 1 kati ya 100 ukageuzwa kuwa mtindo wa maisha. Habari hiyo ikatafsiriwa, ikafika kwetu nusu: ikabaki "ngano ni mbaya", ikadondoka "kwa nani". Baadhi ya redio na kurasa za Kiswahili huuita mzio. Wengine huleta studio muuza dawa lishe, akaelezea ugonjwa kwa dakika tano na chupa yake kwa dakika ishirini.

Mtu asiye na siliaki wala mzio hana sababu ya kiafya ya kuikimbia chapati. Kama chapati inanenepesha, ni kwa mafuta na idadi, si kwa gluteni. Wapo pia watu ambao hawana siliaki lakini tumbo linatulia wakipunguza ngano, na hao wajisikilize bila kuogopeshwa. Na ule unga ghali usio na gluteni, unaoletwa kutoka ng'ambo na kuuzwa kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam, kwa mtu wa Urambo ni kichekesho. Muhogo wake hauna gluteni tangu enzi za babu.

Madhara ya kelele hizi si kwa mwenye pesa anayebadili mlo kwa mtindo. Ni kwa mgonjwa wa kweli. Akienda hospitali akasema "nadhani ngano inanidhuru", anatazamwa kama mtu aliyeshiba intaneti.

Usiache ngano kabla ya kupimwa

Hili ni la muhimu kuliko mengine yote, na ndilo linalokosekana kwenye video zote. Kipimo cha siliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza wakati unapambana na gluteni. Ukiacha ngano, vita vinatulia, kingamwili zinashuka, na vijidole vya utumbo vinaanza kurudi. Ukipimwa baada ya hapo unaweza kuambiwa huna kitu, ilhali unacho. Kwa hiyo usianze kujitibu. Pimwa kwanza ukiwa bado unakula ngano: kwa mtu mzima, walau mlo zaidi ya mmoja wenye ngano kila siku kwa wiki 6 kabla ya kipimo. Kama ni mtoto aliyekonda sana, hilo la kumlisha ngano liamuliwe na daktari, si na wewe nyumbani. Na mtoto mwenye utapiamlo mkali apelekwe hospitali leo, asisubiri kipimo chochote.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Kinaandikwa tTG-IgA. Kinakili kwenye karatasi hivyohivyo ukakionyeshe, kwa sababu kukitamka ni kazi. Zahanati hutakipata. Anzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, Kitete, uombe ushauri na rufaa ikibidi, na uulize kama sampuli ya damu inaweza kupelekwa kupimwa nje ya mkoa badala ya wewe kusafiri. Damu ikionyesha dalili, kwa kawaida hufuata kamera inayoingizwa kwa mdomo ili kuchukua vipande vidogo vya utumbo mwembamba vikachunguzwe. Kazi ya kamera hufanyika hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza, Benjamin Mkapa ya Dodoma na Muhimbili. Inakera koo, lakini si upasuaji.

Kuna kitu ambacho msikilizaji anaweza kukifanya bila shilingi, na kinamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika kila kinacholiwa na kila kinachouma. Kwa mtoto, andika kila kilichotiwa kwenye uji. Ukikuta mtoto hali ngano wala shayiri kabisa, na bado anaharisha, basi siliaki si jibu lake, tafuteni kwingine. Ukikuta tumbo lilianza kusumbua wiki au miezi baada ya kuanzishiwa uji wa ngano, mwambie daktari hivyo kwa maneno hayohayo. Mtaje pia ndugu yeyote mwenye kisukari cha utotoni, kile cha sindano tangu mwanzo, maana siliaki hupenda kutembea na familia hizo.

Na ikithibitika?

Kwa mtu wa Paris au London, kuambiwa aache ngano maisha yote ni msiba. Kwetu jiko lipo tayari. Ugali wa mahindi, wa mtama, wa uwele au wa muhogo. Wali. Makande. Viazi vitamu, michembe, ndizi, maharage, kunde, karanga, mayai, samaki, nyama, mboga, maziwa, asali yetu ya miombo. Maziwa yanaweza kumsumbua mgonjwa mwanzoni kwa sababu utumbo ulioharibika unashindwa kuyasaga. Mara nyingi hurudi kuwa sawa utumbo ukipona, hivyo asiyafute moja kwa moja.

Vinavyotoka ni chapati, mandazi, mkate, sambusa, kalimati, keki, biskuti, tambi na bia nyingi za kiwandani, ambazo hutengenezwa kwa shayiri. Oti za kwenye pakiti hazina gluteni zenyewe, ila mara nyingi huchanganyika na ngano kiwandani, kwa hiyo ziache. Kuwa macho na vitu vinavyoonekana salama: vitumbua vya mchele na bagia za kunde, ambavyo baadhi ya wauzaji huvipunguzia gharama au kuvishikanisha kwa unga wa ngano. Muulize dada anayekaanga, atakwambia.

Hatari kubwa zaidi imejificha kwenye mashine ya kusaga. Kama aliyekutangulia kwenye foleni amesaga uji wa lishe wenye ngano, sado yako ya mahindi inatoka na ngano yake. Kiasi kidogo cha namna hiyo, kikirudiwa kila siku, kinatosha kuuzuia utumbo kupona, na mgonjwa ataona ameacha chapati bure. Elewana na mwenye mashine: nenda kwenye mashine isiyosaga ngano, au saga nyumbani kwa kinu. Vivyo hivyo kwa karai la mafuta. Mihogo iliyokaangwa kwenye mafuta ya mandazi si mihogo tena kwa mtu huyu.

Waumini wa Kikatoliki huuliza kuhusu hostia, nayo ni ya ngano. Kanisa linaruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana, na pia linaruhusu mtu kukomunika kwa divai peke yake. Ongea na padri wako kabla ya misa, asishangazwe mbele ya altare.

Mtu mmoja akithibitishwa, wazazi wake, watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe pia, hata kama wanajiona wazima, kwa sababu kwa ndugu wa karibu uwezekano unaweza kufika mtu 1 kati ya 10. Nao wapimwe wakiwa bado wanakula chapati.